Familia kujifunza kazi za mikono za zamani: anzeni na zile zinazotoa jibu mapema

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye kabichi.

Miaka minne iliyopita mimi na mke wangu tuliamua watoto wetu wasikue bila kujua chakula kinatoka wapi na kitu kikiharibika kinatengenezwaje. Mkubwa alikuwa na miaka 13, wa kati 9, mdogo 5. Tukaingia kwa pupa. Mwezi wa kwanza haujaisha tulikuwa na kuku, matuta sita ya mboga, mzinga mtupu juu ya mti na ndoo ya mafuta inayongoja kuwa sabuni. Mwezi wa tatu nikawa namwagilia peke yangu alfajiri, wenzangu wamejifunika shuka gubigubi.

Nilidhani ni uvivu. Mke wangu ndiye aliyeng'amua. Aliniuliza, "Hivi mtoto wa miaka mitano anajuaje kama alichofanya leo amekipatia?" Nikakosa jibu.

Tukakaa chini, tukaandika kila kazi na muda inaochukua kukujibu. Kamba, dakika kumi. Mkate, siku moja. Kabichi la kuchachusha, wiki. Yai chini ya kuku, siku 21. Sabuni, wiki nne hadi sita. Mbegu ya kutunza mwenyewe, msimu mzima. Nyuki, hata mwaka, na wanaweza wasije kabisa. Sisi tulikuwa tumeanzia mkiani. Mtoto alipanda leo, akakosea leo, kosa likajitokeza baada ya miezi miwili akiwa ameshasahau kila kitu. Hapo hajifunzi, anatumikishwa tu.

Basi tukaanza upya kwa kufuata orodha ile, na hatukuingia kazi ya pili kabla ya ile ya kwanza kuwa mazoea.

KAMBA. Hii ndiyo niliyoidharau kuliko zote. Unahitaji nyuzi zozote zinazokunjika bila kukatika: maganda ya mti yaliyolowekwa, majani marefu makavu, hata vitambaa chakavu vilivyochanwa. Gawa mafungu mawili, yafunge pamoja upande mmoja. Fungu la kulia lisokote kwa vidole kuelekea mbali nawe, kisha livushe juu ya la kushoto kuja upande wako. Sasa la kushoto limekuwa la kulia. Rudia. Ujanja wote uko hapo: kila fungu linasokotwa upande mmoja, halafu mafungu mawili yanazungushana kwa upande wa kinyume. Kila moja likitaka kujifungua linazidi kumbana mwenzake, ndiyo maana kamba inakaa bila gundi wala fundo. Uzi ukikaribia kuisha ongeza mwingine, ila usiongeze kwenye mafungu yote mawili mahali pamoja, patakatika.

Mdogo alichukua jioni tatu. Siku ya nne alining'inia mlangoni na kamba yake mwenyewe kupima kama itamshika. Ilimshika. Mlango ndio haukupenda.

KABICHI. Kilo moja ya kabichi lililokatwa nyembamba, gramu 20 za chumvi, yaani asilimia 2. Pima kwa mizani, jicho linadanganya. Fikicha kwa mikono hadi litoe maji yake, shindilia kwenye chupa, hakikisha maji yamelifunika kabisa, weka kitu kizito juu. Chumvi inawazuia wadudu waozeshaji, kukosa hewa kunawazuia wa ukungu, na wanaobaki ni bakteria wanaotengeneza asidi. Asidi ndiyo inayohifadhi. Ndani ya siku mbili tatu utaona mapovu, na ndani ya wiki unaweza kuonja.

La kwanza tuliliharibu. Vipande vilielea juu ya maji, baada ya siku tano vikaota manyoya ya kijani. Tukamwaga lote. Yule wa miaka 9 alilia, halafu akalichukua jukumu lile moja kwa moja: kila akitoka shule anakwenda kushindilia. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameona kosa na sababu yake ndani ya wiki moja.

Sasa nipo makini hapa, na nyie kuweni makini. Mafanikio ya kabichi yasikupe kiburi cha kufungia maharage au nyama kwenye chupa ukichemsha tu kwenye sufuria. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka, nyuzi 100 kwao si kitu. Ndani ya chupa isiyo na hewa wala asidi ya kutosha wanaamka na kutoa sumu inayoua, na chakula kinaweza kisinuke wala kubadilika rangi. Vyakula vyenye asidi ya kutosha, pH isiyozidi 4.6, vina kinga hiyo. Visivyo nayo vinahitaji sufuria ya kufungia chakula kwa presha, ifike karibu nyuzi 121, kwa muda uliopimwa na wataalamu kwa ajili ya chakula hicho. Hapo usibuni, usipunguze dakika.

Mkubwa wangu alivutiwa na hili kuliko mapishi yenyewe. Nikamsimulia habari za Nicolas Appert, mpishi wa Ufaransa, aliyelipwa faranga 12,000 na serikali yake mwaka 1810 kwa mbinu ya kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizozibwa na kuchemshwa. Louis Pasteur alikuja kueleza kazi ya vijidudu nusu karne baadaye. Yaani Appert alipatia bila kujua kwa nini. Mkubwa akauliza, "Na waliokosea bila kujua kwa nini?" Swali zuri. Ndiyo maana si kila cha zamani nakibeba kilivyo.

KUKU. Tulimlaza kuku mmoja tu, mayai 12. Siku ya saba usiku unazima taa, unaweka tochi nyuma ya yai. Lenye uhai lina mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linaangaza tupu. Kama unatumia mashine ya kutotolesha, joto ni nyuzi 37.5 hivi kwa zile zenye feni, na mayai yanageuzwa angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha unayaacha. Kuku mwenyewe hahitaji kufundishwa.

Walitoka saba. Kifaranga akitoka anakuwa bado na kiini cha yai tumboni, anaweza kukaa siku nzima na zaidi bila kula, kwa hiyo usihangaike kumlisha akiwa bado mbichi. Kama hana mama, joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 35 hivi, unapunguza kama tatu kila wiki. Ila kipimajoto bora ni vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakipanua midomo, umewachoma. Wakitawanyika na kulala ovyo ovyo, mambo safi. Mtoto wa miaka 6 anasoma hilo vizuri kuliko namba.

SABUNI. Kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ni kazi ya mtu mzima, nukta. Watoto wetu wanapima mafuta, wanaandaa vyombo vya kuigandishia, wanakata vipande, wanaandika tarehe. Kostiki huingizwa ndani ya maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, maana inapanda joto ghafla na kuruka. Miwani, glavu, dirisha wazi. Na kila mafuta yana kiwango chake: kilo moja ya mafuta ya nazi inakula takriban gramu 183 za kostiki, ya zeituni takriban 135. Ukibadilisha mafuta ukabaki na kipimo kilekile, unaweza kutengeneza kitu cha kuchuna ngozi.

Mimi mwenyewe nilitumia sufuria ya alumini mara ya kwanza. Ilianza kutokota na kuwa nyeusi mbele ya macho yangu. Kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka moto. Niliibeba nje mikono inatetemeka. Tumieni chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito inayostahimili joto.

Hayo ndiyo yetu. Leteni yenu.

#2

Mkuu umeshusha nondo. Ila niulize bila nia mbaya: mkate unauzwa, sabuni inauzwa, mayai yanauzwa. Huu si mchezo wa watu wenye muda wa kuchezea?

#3 Mleta uzi

Swali la haki. Sijasema popote kwamba utaokoa hela. Mwaka wa kwanza yai letu moja lilitugharimu kuliko la kununua, ukihesabu banda na chakula. Kilichookoa hela kwetu ni vitu vidogo visivyopigwa picha: kutia viraka, kunoa visu badala ya kununua vipya, kubadilisha mpira wa bomba. Hayo mengine tunafanya kwa sababu watoto wanaofanya kitu pamoja na wazazi wanaongea. Wangu wa miaka 13 hakuniambia lolote la shuleni hadi tulipoanza kumenya mboga tukitazama chini wote wawili.

#4

Kwetu tulitengeneza sabuni kwa majivu ya kuni, hatukujua kostiki. Mbona ilikuwa laini kama uji mzito, haigandi? Siku zote nilidhani marehemu mama alikuwa anakosea.

#5 Mleta uzi

Hakukosea, mkuu. Maji ya majivu yana potasiamu, na sabuni ya potasiamu kwa asili yake huwa laini. Ya sodiamu, ambayo ndiyo kostiki, ndiyo inayoganda kipande. Shida ya majivu ni kwamba hujui ukali wake leo ni sawa na wa jana, inategemea mti na ulivyoyachuja. Mama alikuwa anapima kwa uzoefu wa mikono yake, sisi hatuna mikono hiyo, tuna mizani.

#6

Naongeza kwenye mbegu maana mleta uzi kaipitia juu juu, na ndiyo ninayoijua.

Anzeni na maharage. Ua la haragwe kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo ukipanda aina mbili jirani bado mbegu hutoka karibu sawa na mama yake. Acheni maganda yakaukie shambani hadi yatikisike na kulia. Nyanya pia hujichavusha mara nyingi. Kamua mbegu pamoja na ute wake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, acha siku mbili tatu zichachuke. Ute unaachia, mbegu nzuri zinazama. Osha, anika kwenye sahani. Msianike kwenye karatasi, zitaganda mkae mnabandua moja moja, nawaambia kwa machungu.

Maboga ndiyo yanayovunja watu moyo. Nyuki anatoka ua hadi ua, na maboga ya spishi moja yanachanganyika. Boga ulilokula linakuwa sawa, ila mbegu zake mwakani zitakuletea kitu usichokitambua. Mahindi nayo yanachavushwa na upepo, jirani yako akiwa na aina nyingine umekwisha.

Na jambo la mwisho: mbegu ya chotara ukiitunza haitarudi vilevile. Kizazi cha pili kinatawanyika, wengine warefu, wengine wafupi, kila mmoja na lake. Mtoto akijua hili mapema hataona kwamba yeye ndiye kaharibu.

#7

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 6 na 10, tunakaa ghorofa ya tatu, hakuna hata kibaraza. Nasoma huu uzi kama mtu anayesoma menyu akiwa hana hela ya kulipa. Kuna nafasi yetu kweli?

#8 Mleta uzi

Dada, nusu ya orodha haihitaji ardhi. Kamba, kabichi, kushona, kunoa, mkate. Chachu ya mkate unaifuga kwenye chupa: unga na maji kiasi sawa kwa uzito, kila siku unatupa sehemu na kuongeza mpya. Vijidudu vinavyoumua unga viko kwenye unga wenyewe. Siku za mwanzo itafura kwa kishindo halafu itanyamaza, watu wengi huitupa hapo wakidhani imekufa. Endelea tu, wiki moja hadi mbili itarudi. Wa miaka 10 anaweza kuipa jina na kuilisha kabla ya shule.

Kuku achana nao. Usimfuge mnyama mahali ambapo hata wewe unatamani kutoka.

#9

Wangu ana miaka 15. Nimejaribu bustani, nimejaribu kuku, ananitazama kama nimemwomba figo. Nifanyeje, wakuu?

#10 Mleta uzi

Hili linaniuma, ngoja niseme ukweli.

Mkubwa wangu tulimpa tuta lake. Alipanda karoti, akazipanda msongamano mno. Nikaona. Badala ya kunyamaza, usiku nikaenda na tochi nikazing'oa zile za katikati ili zilizobaki zipate nafasi. Nikajiambia namsaidia. Asubuhi akaona udongo umetibuliwa. Hakugomba. Aliacha kulimwagilia tuta lile, na kwa mwezi mzima hakukanyaga bustanini. Mama yake alipomuuliza alisema, "Si la baba lile."

Niliomba radhi. Haikusaidia sana, kuwa mkweli. Kilichomrudisha ni maji, na kilikuja kwa bahati. Nilikuwa nasema tununue tangi, sijui kubwa kiasi gani. Nikamwambia tu kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, nikaondoka. Jioni akaja na karatasi: amepima paa, mita za mraba 40, mvua ya milimita 25 ni lita 1,000, akatoa sehemu inayopotea kwa kuruka na kuvuja, akasema tuhesabu 800. Akasema pia maji ya mwanzo yanayosafisha paa yaende pembeni, yasiingie tangini. Nikampa bajeti na nikafunga mdomo. Aliweka bomba moja kwa mteremko wa nyuma, maji yakawa yanatuama. Nilikuwa naliona kila siku. Nilikaa nalo wiki tatu hadi alipoligundua mwenyewe kwa viluilui vya mbu. Wiki tatu zile zilikuwa ngumu kuliko kulima.

Kwa hiyo, mkuu, wa 15 usimpe kazi. Mpe tatizo ambalo wewe huna jibu lake, pamoja na hela ya kulitatua. Na usiende usiku na tochi.

#11

Hiyo ya tochi imenigusa, nimewahi kufumua sweta la binti yangu akiwa amelala nikalisuka upya. Hajasuka tena tangu siku hiyo. Ana miaka 22 sasa.

#12

Mkuu #1, umekwepa swali la kuchinja. Hao vifaranga saba majogoo walikuwa wangapi na walikwenda wapi?

#13 Mleta uzi

Majogoo wanne. Tuliwaambia watoto tangu yai halijaanguliwa kwamba majogoo wataliwa, na tukakubaliana wasiopewa majina ndio hao. Mdogo akampa mmoja jina kwa siri. Tulimwacha huyo, akatusumbua kwa kuwika saa tisa usiku karibu mwaka. Siku ya kuchinja tulimwambia kila mtoto achague kuwepo au kutokuwepo. Mkubwa alikuwepo, wa kati alikwenda kwa jirani, na jioni hakula nyama. Hatukumlazimisha. Sasa anakula, lakini bado haji kuangalia. Sioni tatizo.

#14

Kwenye nyuki niongeze dogo, maana mleta uzi kaufanya mzinga kuwa kichekesho. Msivune masega ambayo hayajafunikwa nta. Nyuki wanafunika asali ikishakauka kiasi, maji asilimia kama 18 hivi. Ukiwahi, asali inachachuka. Na kwa kuwa mmemtaja huyo botulinum: mtoto chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa, hata ya kwenye mzinga wako. Mbegu za huyo bakteria zinaweza kuwemo, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kuzizuia.

#15 Mleta uzi

Shukrani mkuu, hilo nililisahau kabisa. Mzinga wetu bado mtupu, mwaka wa nne. Mjusi mmoja anaishi humo, ana afya.

#16

Ni yule mama wa ghorofani. Mrejesho.

Kamba: wa miaka 6 amesokota kama urefu wa mkono wangu kwa fulana ya zamani ya baba yake. Amefungia mkoba wa shule uliokatika mshipi. Ni mbaya kuitazama na haivuki sentimita moja bila kuvimba mahali. Imeshika wiki ya pili. Mwalimu aliuliza nani kaifunga, akajibu "mimi" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Chachu: ilinyamaza siku ya nne kama ulivyosema, nilikuwa nimeshaishika kwenda kuimwaga, nikakumbuka.

Kabichi: tuko siku ya tatu. Chupa inalia kama inataka kusema kitu na kifuniko kimevimba. Ni kawaida au tukimbie?

#17 Mleta uzi

Kawaida. Ni gesi. Legeza kifuniko taratibu juu ya sinki, usikifungue kwa ghafla, na weka sahani chini ya chupa usiku, itamwaga. Kisha mwambie wa miaka 10 ashindilie, vitakuwa vimeshaanza kuelea.